Jinsi ya kujua una kisukari cha aina gani, usikubali kuambiwa tu "una sukari"

Mtu anatoka kupimwa anaambiwa "una sukari", anapewa vidonge, anaambiwa apunguze vitamu, basi anarudi nyumbani. Muulize sukari ya aina gani, hajui. Na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Mimi naona matatizo mengi yanaanzia hapo hapo, maana kisukari sio ugonjwa mmoja, ni kundi la magonjwa ambayo yote mwisho wake sukari inajaa kwenye damu lakini njia yaliyopitia kufika hapo ni tofauti kabisa, na matibabu yanayomtosha mmoja yanaweza kumuua mwingine. Sijatia chumvi hapo, mwenye aina ya 1 akiachwa na vidonge peke yake bila insulini anaweza kufa, na wakati mwingine ni suala la siku chache tu.

Kwa hiyo hapa nataka tuelewane vizuri aina zenyewe zikoje na ufanyeje ujue yako au ya ndugu yako ni ipi, haya mambo hayahitaji uwe umesoma udaktari.

Kwanza elewa insulini inafanya nini, bila hapo mengine yote yatakuchanganya. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, ndani yake kuna seli zinaitwa seli za beta, kazi yake ni kutengeneza homoni ya insulini. Ukila wanga unavunjwavunjwa unakuwa glukosi, inaingia kwenye damu, afu insulini inaiambia misuli na mafuta ya mwili yaipokee. Hiyo wengi wanaijua. Ambayo wengi hawaijui ni kwamba insulini pia inalizuia ini lisimwage sukari yake, maana ini lina akiba na linatoa sukari muda wote hata ukiwa umelala, ndo maana mtu anaamka asubuhi anapima anakuta iko juu na jana usiku kala kidogo tu, anaanza kujilaumu au watu wa nyumbani wanamwambia ameiba kula usiku, kumbe ni ini lake linamwaga sukari kwa sababu hamna insulini ya kutosha ya kulizuia.

Sasa ukishajua hilo, swali la kujua aina ni moja tu: kwa nini insulini haitoshi? Haitengenezwi kabisa, au inatengenezwa ila mwili hauisikii, au kuna kitu kingine kama mimba, dawa au kongosho lililoumia. Usianze na umri. Usianze na unene. Na usianze na dawa anayotumia. Zamani kulikuwa na majina kama "kisukari cha watoto" na "kisukari cha watu wazima", au "kinachotegemea insulini" na "kisichotegemea insulini", lakini mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani liliachana na hayo ya kutegemea insulini kwa sababu yalikuwa yanapotosha, mtu mzima anaweza kupata aina ya 1, kijana mdogo anaweza kupata aina ya 2, na mwenye aina ya 2 anaweza akachoma insulini miaka mingi na bado akabaki kuwa wa aina ya 2.

Kabla ya aina, hakikisha ni kisukari kweli

Vipimo viko vya aina tatu nne hivi na namba zake zinajulikana. Sukari ukiwa hujala chochote kwa saa 8 au zaidi, ikifika 7.0 mmol/L kwenda juu ni kisukari. Ukinywa glukosi gramu 75 afu ukapimwa baada ya saa 2, ikifika 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kipimo cha HbA1c kikifika asilimia 6.5 kwenda juu, kisukari. Na ukipimwa muda wowote tu ikakutwa 11.1 au zaidi na una dalili zote za kiu na kukojoa, inatosha, huna haja ya kusubiri. Ila kama huna dalili yoyote usikubali kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, kirudiwe siku nyingine, na ikiwezekana iwe damu ya mshipa maabara, sio kidole peke yake.

Kitu kinachochanganya watu ni vipimo viwili vya namba. Mashine nyingine zinasoma mmol/L, nyingine mg/dL, mtu anasoma 126 anapiga kelele na mwenzake ana 7 anatulia, wakati ni kitu kile kile! Zidisha mmol/L mara 18 unapata mg/dL. Namba zote za sukari humu ni za mmol/L. Kila unapoandika namba yako andika na kipimo chake pembeni.

HbA1c yenyewe inaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 mpaka 3 iliyopita, kwa sababu inapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi siku 120 hivi. Ndo maana mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu au aliyeongezewa damu juzi juzi inaweza kumdanganya, na mjamzito pia. Na kwa mtoto ambaye sukari imempanda ghafla ndani ya wiki mbili tatu usiisubiri HbA1c kabisa, mpime sukari ya kidole saa hiyo hiyo.

Aina ya 1

Hii ni kinga ya mwili kugeuka na kuzishambulia seli za beta zenyewe. Mashambulizi yanaanza miezi au hata miaka kabla ya dalili, mtu yuko mzima tu anacheza, seli zinapungua kimya kimya mpaka zinabaki chache mno, hapo ndo dalili zinalipuka ndani ya siku au wiki. Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kukonda wakati anakula vizuri, uchovu. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani anaanza tena. Hiyo ya mwisho naomba uishike, maana wazazi wengi wanamchapa au kumwaibisha mtoto badala ya kumpeleka kupimwa.

Haisababishwi na pipi wala soda. Haisababishwi na mama kula vibaya wakati wa ujauzito. Urithi unachangia kiasi lakini wengi wanaoipata hawana ndugu yeyote wa karibu mwenye nayo, kwa hiyo ile ya "kwenye ukoo wetu hamna sukari" haimkingi mtoto. Na sio ya watoto peke yao, watu wengi wanaipata wakiwa na miaka 30, 40, hata zaidi.

Tiba ni insulini, kuanzia siku ya kwanza, kila siku, maisha yote. Hamna kidonge kinachoshika nafasi yake, hamna mzizi, hamna mlo. Kabla ya insulini kugunduliwa madaktari walikuwa wanawanyima chakula wagonjwa ili waishi miezi michache zaidi, watoto wanabaki mifupa. Mwaka 1921 kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuitoa insulini kwenye kongosho la wanyama, na Januari 1922 kijana mmoja anaitwa Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kuchomwa, akaishi miaka mingine 13. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba kwa sababu ndo siku aliyozaliwa Banting. Nalisema hili kwa sababu bado kuna watu wanamwachisha mtoto insulini wakimpeleka kwenye tiba nyingine, na kinachompata ni kile kile kilichowapata watoto wa kabla ya 1922.

Na hapa kuna mtego. Baada ya kuanza insulini, seli chache zilizobaki zinapata nafuu kidogo na kuanza kufanya kazi tena kwa wiki au miezi, dozi inashuka sana, wengine inakaribia sifuri. Watu wa kisukari wanakiita kipindi cha fungate. Familia inafurahi inasema amepona, na kama walikuwa wanatumia kitu fulani pembeni wanakipa sifa hicho, wanatangaza. Hajapona. Seli zinaendelea kushambuliwa na dozi itarudi kupanda, kinachotakiwa ni kupunguza dozi kwa maelekezo ya daktari, sio kuacha.

Insulini isipokuwepo kabisa, mwili unashindwa kutumia sukari unaanza kuchoma mafuta kwa fujo, zinatoka ketoni ambazo ni asidi, damu inakuwa na asidi. Mtu anatapika, tumbo linauma, anapumua haraka na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, anaanza kusinzia au kuchanganyikiwa. Hii ni dharura, hospitali sasa hivi, sio kesho asubuhi. Tatizo ni kwamba inafanana na mambo mengine, mtoto anatibiwa tumbo, anatibiwa nimonia, anatibiwa homa, kumbe ni sukari. Kwa hiyo mtoto au mtu yeyote anayetapika na kuhema huku siku za karibuni alikuwa anakunywa maji sana na kukojoa sana, wewe mwenyewe sema kwa sauti "naomba mpime sukari", ni tone moja la damu na jibu linatoka ndani ya sekunde chache. Usione aibu kuomba.

Kosa lingine la hatari ni mwenye aina ya 1 kuacha insulini kwa sababu leo anaumwa hajala. Ukiumwa mwili unahitaji insulini pengine hata zaidi ya siku nyingine, kwa hiyo insulini ile inayofanya kazi kwa muda mrefu usiiache, pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, na pima ketoni kama una vipimo vyake.

Aina ya 2

Hii ndo yenye watu wengi, karibu 9 kati ya kila 10 wenye kisukari. Hapa insulini ipo, mwanzoni inaweza hata kuwa nyingi kuliko kawaida, ila misuli, mafuta na ini havisikii vizuri, kwa hiyo kongosho linaongeza bidii miaka na miaka mpaka linachoka, na likishindwa kuendana na mahitaji ndo sukari inapanda. Inakuja taratibu sana. Mtu anaweza kukaa nayo miaka hajui, anaijua siku amekwenda kupima macho, au kidonda cha mguu kimekataa kupona, au anajikuna sehemu za siri fangasi hawaishi, au miguu inawaka moto na kufa ganzi. Wengine shingo na kwapa zinakuwa nyeusi na nene kama zina uchafu usiotoka hata ukisugua, hiyo ni ishara kwamba mwili unagomea insulini, usiisugue nenda ukapime.

Nani yuko kwenye hatari zaidi? Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye aina ya 2, mwenye mafuta mengi tumboni, asiyeshughulisha mwili, umri ukisogea, mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba au mwenye uvimbe mdogo mdogo kwenye ovari, mwenye presha. Lakini watu wembamba nao wanaipata, na urithi una nguvu kubwa hapa, kuliko hata aina ya 1. Ndo maana huwa sipendi kabisa ile tabia ya kumwambia mgonjwa "umejitakia kwa kula kula", kuna watu wanakula vibaya na kukaa miaka 80 bila sukari na kuna anayejitahidi na bado anaipata. Lawama inamfanya mtu afiche ugonjwa, na anayeficha hapimi.

Matibabu ni kupunguza uzito kwa aliye nao wa ziada, kutembea na kufanya mazoezi, kupanga wanga na sukari kwenye mlo, na dawa, mara nyingi inaanza metformini afu zinaongezwa nyingine kulingana na moyo na figo za mtu. Baada ya miaka wengi wanahitaji insulini pia, na hapa kuna hofu kubwa sana, watu wanasema ukianzishiwa sindano ndo mwisho wako, "fulani alianza insulini akakatwa mguu, akafa". Kilichotokea ni kwamba fulani aliogopa sindano miaka 5, sukari iko juu muda wote huo inakula mishipa, alipokubali madhara yalikuwa yameshaingia. Insulini ililaumiwa kwa kazi iliyofanywa na sukari. Kongosho likichoka, kuongezewa insulini ni kurudishiwa kitu ambacho mwili ulikuwa unakitengeneza wenyewe tangu uzaliwe.

Upande wa matumaini, aina ya 2 inaweza kurudi nyuma, hasa ikiwa bado mpya. Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa DiRECT, matokeo yake yalitoka 2017, watu waliokuwa na kisukari kwa chini ya miaka 6 waliwekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito chini ya uangalizi, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Wataalamu wanahesabu hivo kama HbA1c iko chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 tangu uache dawa. Lakini hawaiti kupona, maana uzito ukirudi na sukari inarudi, kwa hiyo unaendelea kupimwa kila mwaka. Na usiache dawa mwenyewe ili "kujaribu", mambo haya yanafanywa na daktari akiangalia namba. Ukimwona mtu anatangaza kuponesha kisukari mtandaoni muulize kwanza, aina gani? Asipojua kujibu achana naye.

Kitu kingine ambacho aina inaamua ni lini uanze kuchunguzwa macho, figo na miguu. Mwenye aina ya 2 anatakiwa achunguzwe tangu siku aliyoambiwa, kwa sababu huenda alikuwa nao miaka kadhaa bila kujua. Mwenye aina ya 1, kwa kawaida macho na figo vinaanza kuchunguzwa baada ya miaka 5 hivi, kwa sababu mwanzo wake unajulikana.

Kile cha mimba

Kondo la nyuma linatoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, na hiyo ni kawaida kwa kila mimba ili mtoto apate chakula cha kutosha, ila kongosho la baadhi ya wanawake linashindwa kuongeza insulini ya kufidia. Mara nyingi kisukari hiki hakina dalili kabisa, kwa hiyo kinatafutwa kwa kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 24 na 28. Namba zake ni za chini kuliko kisukari cha kawaida: kabla ya kunywa 5.1, baada ya saa 1 10.0, baada ya saa 2 8.5, ukifikisha hata moja tu kati ya hizo unacho. Wengi wanatosheka na kupanga mlo na kutembea, wengine wanahitaji insulini au metformini. Sukari isipodhibitiwa mtoto anakuwa mkubwa mno, kuzaa kunakuwa kugumu, na akishazaliwa sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla, ndo maana wanampima. Hazaliwi na kisukari.

Sukari ikikutwa juu sana mwanzoni mwa mimba, hiyo pengine sio ya mimba, ni kisukari ambacho kilikuwepo tayari hakijagunduliwa, na kinashughulikiwa tofauti. Na wewe mama, baada ya kujifungua rudi upimwe wiki ya 6 mpaka ya 12 hata kama unajisikia mzima, maana uwezekano wa kupata aina ya 2 baadaye unapanda karibu mara 10 ukilinganisha na mwanamke ambaye hakuwahi. Najua mtoto mchanga anachukua akili yote, watu wanasahau. Mwombe mtu wa nyumbani akukumbushe tarehe.

Wale wa katikati, ambao ndo wanakosewa zaidi

Kuna mtu mzima, miaka 35 au 50, mwembamba au wa kawaida, kaambiwa ana aina ya 2. Anapewa vidonge vinafanya kazi miezi 6, mwaka, miaka 2, afu vinaanza kushindwa, anaongezewa cha pili, cha tatu, anazidi kukonda, anaambiwa hafuati masharti wakati anafuata kila kitu. Huyu kuna uwezekano mkubwa ana aina ya 1 inayokwenda polepole, wataalamu wanaiita LADA. Kinga inashambulia seli ila kwa mwendo wa taratibu kwa hiyo mwanzoni anafanana kabisa na aina ya 2.

Anagunduliwaje? Kuna vipimo viwili vya kuulizia. Cha kwanza ni kingamwili, hasa zile za GAD, zikikutwa kwenye damu maana yake kinga ndo inayoshambulia kongosho. Zisipokutwa haimaanishi moja kwa moja sio aina ya 1, kuna wachache hawana. Cha pili ni C-peptidi, kongosho likitengeneza insulini linatoa na kipande hicho kwa kiasi sawa, wakati insulini ya sindano haina hicho kipande, kwa hiyo hata mtu anayechoma insulini unaweza kujua kongosho lake mwenyewe bado linatoa kiasi gani. Ikiwa chini sana ni dalili ya aina ya 1. Ila ikipimwa mapema mno inaweza kuwa bado ipo ikakudanganya, inaeleweka vizuri zaidi mtu akishakaa na ugonjwa miaka kadhaa.

Mbona nasisitiza? Kwa sababu kuna dawa za aina ya 2 zinazofanya sukari itoke kwenye mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini, nzuri sana kwa moyo na figo, lakini akipewa mtu ambaye kumbe insulini yake imeisha anaweza kupata ile asidi ya ketoni hata kama mashine inasoma sukari sio kubwa sana. Anatapika, anapima anaona 11, anasema sukari iko sawa tu anakaa nyumbani.

Na kinyume chake kipo. Kuna watu, zaidi wenye asili ya Afrika, wanafika hospitali mara ya kwanza kabisa wakiwa na ketoni na hali mbaya, wanaandikiwa aina ya 1, wanachoma insulini, afu baada ya wiki au miezi kongosho linapata nafuu wanaweza kuendelea na vidonge. Hiyo ni aina ya 2 iliyoingia kwa kishindo. Inafanana na fungate niliyoisema juu, ndo maana kingamwili na C-peptidi ni muhimu, huwezi kutofautisha kwa kumwangalia mtu machoni.

Aina nyingine nazipitia haraka. MODY ni ya jeni moja iliyobadilika, inashuka kizazi hadi kizazi, babu, baba, mtoto, mara nyingi inajulikana kabla ya miaka 25 na mtu sio mnene. Baadhi yao wanafaa vidonge vya jamii ya glibenclamidi kwa dozi ndogo tu, na kuna ambao sukari inakaa juu kidogo maisha yote bila kuhitaji dawa. Mtoto akipata kisukari kabla ya miezi 6 ya umri apimwe jeni, maana sio aina ya 1 ya kawaida na wengine wanatoka kwenye sindano wakawekwa kwenye vidonge wakaendelea vizuri. Kongosho lililoumia kwa uvimbe wa muda mrefu, pombe, upasuaji au saratani linaleta kisukari chake, na mara nyingi mtu anaharisha kinyesi chenye mafuta kwa sababu vimeng'enya vya kusaga chakula navyo vimepungua. Steroidi kama prednisoloni zinapandisha sukari, hasa mchana na jioni ukizimeza asubuhi, kwa hiyo kupima asubuhi peke yake hakutaonyesha kitu, na usiziache ghafla, mwambie daktari. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya 5, inayohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu, inawapata vijana wembamba ambao insulini yao ni kidogo ila hawana kingamwili.

Afu kuna walioko mlangoni, sukari imezidi kawaida ila haijafika kisukari. Kwa kipimo cha saa 2 ni 7.8 mpaka 11.0. Usiidharau, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulionyesha kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza watu waliopata aina ya 2 kwa asilimia 58, metformini ilipunguza kwa 31. Yaani miguu yako ilishinda kidonge.

Ukienda kwa daktari

Andika kabla hujatoka nyumbani, ukifika pale utasahau. Dalili zilianza lini, ndani ya siku au miaka? Umepungua kilo ngapi bila kukusudia? Nani kwenye familia ana kisukari na alikuwa na umri gani, na je ana ugonjwa wa tezi ya shingo au mwingine wa kinga, maana hayo hutembea pamoja na aina ya 1. Dawa zote unazotumia, hata za kupaka na za kienyeji. Mimba zilizopita. Afu muulize waziwazi: "Daktari, unaona ni aina gani, na umejuaje?" Akijibu kwa umri wako tu au mwili wako tu, muulize kama ketoni, kingamwili au C-peptidi vinaweza kupimwa. Sio kumkosea heshima, ni mwili wako.

Vipimo vya kingamwili havipatikani kila mahali na sio kila mtu anavihitaji, mtu wa miaka 60 mwenye kitambi na mama yake alikuwa na aina ya 2, hapo jibu liko wazi. Lakini ukiwa unakonda bila sababu, vidonge vinashindwa haraka, una ketoni, au ni chini ya miaka 35, usikate tamaa kuviulizia.

Uliza pia kama dawa yako inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Insulini na jamii ya glibenclamidi zinaweza, metformini peke yake ni nadra. Ikishuka chini ya 3.9 unatetemeka, jasho, moyo unakimbia, unachanganyikiwa, kula gramu 15 za sukari ya haraka afu pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu na mpeleke hospitali, kama mna glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, ndo wakati wake.

Ukishaijua aina yako iandike kwenye karatasi ya pochi na kwenye simu sehemu inayofunguka bila namba ya siri, pamoja na majina ya dawa na dozi. Kwa mwenye aina ya 1 ongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa, "INSULINI ISISIMAMISHWE", na uwaambie watu wa nyumbani wauseme mstari huo huo kwa kila daktari na kila nesi anayeingia zamu, hasa ukilazwa kwa ugonjwa mwingine au ukiandaliwa upasuaji ukaambiwa usile.